Ukistaafu, Muda Wako ni wa Nani?



Mtumishi wa serikali nchini Kenya kwa kawaida hustaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya mwaka 2009 ilikuwa 55. Wengi hufika siku hiyo wakiwa bado na nguvu, na baadhi yao husikia wito ambao hawakuwa na nafasi ya kuusikiliza wakiwa kazini: kwenda hospitali kukaa na wagonjwa, kusali nao, na kuwapelekea Komunio wakiruhusiwa. Ni kazi njema. Bwana wetu aliihesabu kati ya yale tutakayoulizwa siku ya mwisho (Mt 25:36), na Papa Yohane Paulo II aliitenga tarehe 11 Februari iwe Siku ya Wagonjwa Duniani, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993.

Lakini nyumbani yupo mtu mwingine aliyeingojea siku hiyo. Mama aliyelea watoto Kakamega huku mumewe akifanya kazi Mombasa, akija likizoni tu, alikuwa amejiambia: akistaafu, tutakaa pamoja. Sasa mzee anatangaza kwamba Jumanne, Alhamisi na Jumapili alasiri atakuwa wodini. Mama akinung'unika, anaonekana anashindana na Mungu. Nani atathubutu kumtetea?

Mtakatifu Paulo anamtetea. Anawaambia mume na mke wasinyimane, isipokuwa wamepatana, tena kwa muda, ili wapate kusali (1 Kor 7:5). Ikiwa hata sala inahitaji mapatano, je, ziara za wodini? Kumtolea Mungu saa ulizomwahidi mkeo mbele ya altare, bila kumwuliza, ni kutoa sadaka kwa mali ya mwenzako. Wala si waume peke yao. Wapo akina mama wanaojua majina ya wagonjwa wote wa wodi ya wanawake, lakini hawajui kwamba baba nyumbani siku hizi halali kwa maumivu ya goti.

Naye anayeulizwa asikatae kwa wivu tu. Mtu aliyezoea kuamka saa kumi na moja kwenda kazini, akikosa la kufanya, huzeeka haraka.

Kuna jambo jingine gumu zaidi: siri. Mhudumu mlei haungamishi wala hatoi Mpako wa Wagonjwa. Hayo ni ya Padre. Hata hivyo mgonjwa humweleza mambo ambayo hata jamaa zake hawayajui. Je, wana ndoa tuliofundishwa kutofichana, tuyasimulie mezani? La. Siri ile si mali ya mhudumu, basi hana ruhusa ya kumgawia mkewe. Katika hospitali ya misheni kijijini, mgonjwa huyo huenda ni shemeji wa jirani. Kilicho chake ni uzito wa moyo, na huo aushiriki: "Leo kijana amefariki nimemshika mkono." Jina, ugonjwa na maneno ya marehemu vibaki wodini. Mwenzake asidadisi.

Wengine huenda wote wawili, baba wodi ya wanaume, mama wodi ya wanawake. Si lazima. Yupo asiyeweza kabisa kustahimili harufu ya hospitali. Huyo amefanya sehemu yake akikubali Alhamisi moja, akamwekea mwenzake chai, na kumwacha anyamaze mpaka atakapoongea mwenyewe.