Bendera Iliyolala Sandukuni

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli imo habari ya Ana, mama wa nabii. Alimtoa mwanawe kwa Mungu angali mdogo, akamwacha Shilo katika nyumba ya Bwana, pamoja na kuhani Eli. Lakini hakuacha kuwa mama yake. Kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea siku alipopanda na mumewe kutoa sadaka. Wakatekumeni waliangalie vema neno hilo: kila mwaka. Mtoto hukua, na kanzu ya mwaka jana haimwenei tena. Ana angaliahirisha kazi yake miaka miwili, kanzu ingalikuwa nzuri vilevile, lakini mtoto wa kuivaa asingalikuwapo. Angalikuwapo mwingine, mrefu zaidi.

Kosa ambalo Ana hakulifanya limeingia katika nyumba nyingi za Wakristu, hata katika kazi njema kama ile ya kuwashonea vijana wa Xaveri. Shirika hilo lilianzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour, mmoja wa Mapadri Weupe, miaka 400 baada ya kufa kwake Mtakatifu Fransisko Xaveri, ambaye vijana hao wanachukua jina lake. Sikukuu yake ni tarehe 3 Desemba.

Ichukuliwe nyumba moja ya kijijini iwe mfano. Bibi wa nyumba hiyo aliahidi kwamba jamaa yake itawapa vijana bendera yao. Akauza maharagwe, akanunua amerikani nyeupe na kipande cha kitambaa chekundu cha msalaba. Mwanawe ni fundi wa kushona; alikata kitambaa chote jioni moja, na nyumba nzima ikafurahi kana kwamba kazi imekwisha. Pindo aliachiwa mama wa nyumba. Herufi aliachiwa binti mkubwa. Kisha fundi akaletewa suruali za watu wanaolipa. Mama akaitwa na shamba. Binti akawa na mitihani. Bendera ikakunjwa, ikawekwa sandukuni.

Hakuna hata mmoja aliyesema, “Sitaki.” Wote walisema, “Kesho.” Bwana Yezu alitoa mfano wa wana wawili walioagizwa na baba yao kwenda shambani: mmoja alikataa, kisha akajuta, akaenda, wa pili aliitikia kwa heshima, asiende. Yule wa pili ndiye wa kuogopwa zaidi. Mwenye kukataa aweza kuona aibu usiku akilala; mwenye kusema “kesho” hulala vizuri.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipiga marufuku mashirika ya vijana ya dini, ili pasiwe na shirika la vijana ila lile la chama chake. Wakati ule, Mkristu aliyekunja bendera na kuificha alikuwa na sababu ambayo kila mtu aliiona. Nyumba hii haikukatazwa na mtu.

Sikukuu tatu zikapita. Kijana aliyechaguliwa kuibeba bendera akaenda mjini kutafuta kazi. Macho ya bibi yakaanza kufunikwa na ukungu, hata asiweze tena kutunga uzi katika sindano. Ndipo mjukuu wa mwisho, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na kupokewa na vijana, akauliza jioni moja: “Bibi, ile bendera itanipita na mimi?”

Bibi hakumjibu. Alisema sanduku liletwe.

Walipoikunjua wakakuta panya wametoboa tundu katikati, kubwa kama kiganja cha mtoto. Mama akasema kitambaa kimeharibika. Fundi akasema atanunua kingine akipata fedha. Nayo ilikuwa “kesho” nyingine, iliyovikwa nguo safi. Bibi akapapasa kingo za tundu kwa vidole, akaomba kile kipande chekundu, akakilaza juu yake. “Msalaba ni mpana kuliko tundu,” akasema.

Ilikuwa tarehe 24 Novemba. Zilibaki jioni tisa, kama siku za novena. Baada ya rozari taa haikuzimwa. Fundi hakumkataa mteja yeyote. Alitoa saa moja tu. Kwanza akaweka kiraka chini ya tundu, ili msalaba usivute kitambaa, akaushikiza kwa mishono mirefu, kisha akaushona sawasawa. Mtoto alitunga uzi. Bibi akapinda pindo kwa kupapasa. Herufi ya R imeinama kidogo, na binti alitaka kuifumua, lakini ilikuwa jioni ya nane, wakamzuia.

Jambo hili lawahusu wakatekumeni kuliko watu wengine wote. Yuko aliyekwisha kujua sala zote na amri zote, ila deni la ndugu yake bado hajalilipa. Yuko ambaye hajakwenda kwa katekista kuitengeneza habari ya ndoa yake. Kitambaa chao kimekatwa na kukunjwa. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, alihesabiwa katekumeni tangu utoto. Aliugua sana, akaomba ubatizo, alipopona, ukaahirishwa. Mungu alimngoja. Lakini alikuwa na miaka 32 alipobatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387. Na mama yake Monika, aliyemlilia miaka mingi, akafa mwaka uleule. Aliiona siku hiyo, lakini kwa miezi michache tu.

Usiku wa Pasaka wabatizwa huvikwa vazi jeupe, nalo haliwezi kuanza kushonwa usiku uleule. Atakayebatizwa Pasaka ijayo aulize nyumbani mwake leo kitambaa kiko wapi na nani anakishona. Kisha ajiulize mwenyewe ni jambo gani kati yake na jirani ambalo bado halijapindwa pindo. Majina ya wateule huandikwa Dominika ya kwanza ya Kwaresima.