Mpini Mgeni katika Upanga wa Kale

Kitu cha kale ambacho viungo vyake havilingani, je, ni cha kweli au ni bandia? Swali hili laonekana dogo, kumbe limebeba suala zima la hukumu.

Tuchukue mfano wa panga za maofisa wa Japani katika Vita Kuu ya Pili. Panga hizo haziko mbali na historia yetu, maana vijana wa Tanganyika, wakiwa katika jeshi la King's African Rifles ambalo wazee waliliita Keya, walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Jeshi la Japani lilikuwa limetoa mwaka 1934 umbo jipya la upanga, likifuata mtindo wa kale. Lakini baadhi ya maofisa walichukua bapa la mababu zao, wakalivisha mpini na ala ya kijeshi. Kwa hiyo bapa la karne nyingi laweza kukaa kihalali katika mpini wa juzi.

Aidha, kinga ya mkono na visahani vyembamba vinavyoibana mara nyingi viligongwa nambari moja, ili mafundi wasivichanganye. Sasa tuseme mhakiki akuta nambari 14 juu ya kinga na 37 juu ya kisahani. Atasema upesi, "Hiki ni bandia." Hukumu hiyo yatangulia ushahidi. Nambari zisizolingana zashuhudia jambo moja tu: kwamba uko mkono uliochanganya. Hazisemi mkono wa nani. Huenda ni fundi wa kikosi aliyetengeneza kwa kile alichokipata. Huenda ni mchuuzi wa baada ya 1945, aliyeunganisha mabaki apate bei. Yafaa kwanza kutazama kutu, na alama za msuguano ambazo viungo vilivyokaa pamoja miaka mingi huachiana, na kama tundu la mpini lakutana na tundu la bapa mahali kinapopita kijiti cha mwanzi.

Tena kulingana kwenyewe kwaweza kudanganya. Mwenye upanga, akionea haya nambari zake, hutafuta visahani vingine vyenye nambari ifaayo, akavitupa vile vya awali. Upanga wapendeza, na shahidi amekwisha kuuawa.

Sisi tulio Kisesa tuna mfano wa karibu zaidi. Pale Bujora, katika Makumbusho ya Wasukuma, zimehifadhiwa ngoma za watemi. Ngozi ya ngoma huchakaa kabla ya mti wake. Watu wa mtemi wakiwamba ngozi mpya ili ngoma ilie tena, hawakumdanganya mtu; hiyo ni sehemu ya maisha ya ngoma. Lakini mchuuzi akiwamba ngozi jana, akaifukiza moshi na kuiita ya miaka mia, amesema uongo. Ngozi zote mbili ni ngeni kwa mti. Kilichotofautiana ni kauli ya mtu.

Basi uhalisi wa kitu ni habari zake zote, pamoja na viraka vyake. Wajibu wa mhifadhi ni kuandika wazi: bapa ni la zamani, mpini ni wa baadaye, sababu haijulikani. Mwenye kuita bandia upanga uliotengenezwa vitani amemsingizia marehemu asiyeweza kujitetea. Na mwenye kuusawazisha upate kupendeza amemnyima mjukuu haki ya kujua.