Kila Mtu na Boriti Yake
(2 Wafalme 6:1-7)



Neno letu la mwezi huu limo katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 6, tangu mstari wa 1 hata wa 7. Lisomeni kwanza, kisha tulitafakari pamoja. Wana wa manabii walikaa na mwalimu wao Elisha mahali palipokuwa pamewasonga. Basi wakamweleza shida yao, wakaomba ruhusa kwenda Yordani, kila mmoja akate boriti moja, wajijengee makao. Elisha akawapa ruhusa. Na mmoja wao alipomsihi afuatane nao, akaenda.

Hawa walikuwa wanafunzi, na shida yao ilikuwa shida ya shule. Sisi katika Tanzania twaijua sana. Tangu mwaka 2004 sekondari nyingi za kata zilijengwa vijijini, na wananchi wenyewe walibeba mawe na kufyatua matofali. Mwaka 2012 ikaagizwa kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia; lakini mahali pengi kuta zilisimama bila paa, zikaitwa maboma. Tangu Januari 2016 ada ya kutwa katika shule za serikali, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, iliondolewa. Tena mwaka 2021 serikali ilitenga fedha za madarasa 15,000, na katika hayo 12,000 ni ya sekondari. Kwa hayo yote twamshukuru Mungu. Walakini wako waliosema mioyoni mwao, “Sasa shule ni ya serikali, kazi yetu imekwisha.” Ndipo neno hili la Elisha linapotuuliza habari zetu.

Neno la kwanza: kila mtu boriti moja. Wanafunzi wale hawakumwachia mwenye nguvu akate zote, wala mnyonge hawakumwambia akae. Nasi tusidhani kwamba shule husaidiwa na matajiri tu. Katika nchi yetu kipimo cha vyoo vya shule ni tundu moja kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Nenda shuleni kwenu, uhesabu matundu, kisha uhesabu watoto. Binti asiye na choo chenye mlango, wala maji ya kunawa, akifikiwa na siku zake za mwezi hubaki nyumbani. Na masomo ya siku zile humpita, mwezi kwa mwezi, hata mtihani ukimkuta hana la kujibu. Watu husema, “Binti huyu ni mzito wa akili.” Kumbe kilichomkosesha ni mlango wa mbao na ndoo ya maji.

Tena tazameni paa la darasa. Paa lenye mita za mraba 100, ikinyesha mvua ya milimita 10, hupokea maji lita 1,000. Pasipo mfereji wala tangi, maji yale huanguka chini na kuchimba msingi wa nyumba. Na watoto wale wale huenda mtoni na ndoo kichwani. Je, kutengeneza mfereji wa bati ni kazi ya kungojea wageni? Fundi seremala na atoe siku moja kwa madawati yaliyovunjika. Mwenye ng'ombe na asombe mchanga. Mjane na alete kuku wake, nayo itahesabiwa kuwa boriti nzima. Wazee wetu wa Upare waliijua kazi hiyo, wakaiita msaragambo.

Wala jambo hili si geni kwetu Walutheri. Mwaka 1524, wazazi wengi wa Ujerumani walipowaondoa watoto shuleni, Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote. Akawauliza kwa nini kila mwaka watoe fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, na vijana maskini wasipate hata mwalimu. Akawahimiza pia waweke nyumba za vitabu. Na mwaka 1530 aliandika hubiri refu kuwaonya wazazi wasiwakatize watoto masomo.

Neno la pili: mwalimu aende pamoja na watu. Ninyi wachungaji, wainjilisti na wazee wa Kanisa, msitangaze msaragambo siku ya Bwana, kisha Jumatatu mkabaki nyumbani. Watu hutazama mikono ya kiongozi kabla hawajainua yao.

Neno la tatu: shoka la kuazima. Mmoja alipokuwa akikata mti, chuma cha shoka kikatumbukia majini, naye akalia kwa kuwa hakikuwa chake. Hakunyamaza wala hakusingizia mto. Elisha alipouliza kilipoangukia, akamwonyesha mahali, na Mungu akakirudisha. Ndugu, fedha ya shule ni shoka la kuazima. Ni ya mjane aliyeuza kuku, nayo ni ya mtoto anayekaa chini sakafuni. Ikiisha kukusanywa, hesabu yake na isomwe mbele ya watu, shilingi kwa shilingi. Na iliyopotea, ionyeshwe ilipoangukia. Mara nyingi twawalaumu watu kwa uvivu, tukisema hawaji tena kazini. Tuchunguze kwanza: labda walikuja mwaka jana, wakatoa, wasione bati wala msumari. Palipo na boma lililoota majani, mara nyingi shoka lilizama, wala hakuna aliyelia.

Basi, mwezi huu kila usharika ulio karibu na sekondari utume watu watatu kwa mkuu wa shule na kamati yake, waulize: mmepungukiwa na nini kilicho kidogo, tunachoweza kukimaliza kabla ya masika? Wachague kimoja tu, wakimalize, wasome hesabu yake kanisani, ndipo washike kingine.

Bwana aliyejali shoka moja lililozama majini hatawasahau watoto wanaosongamana darasani. Yeye atupe mikono ya kazi na mioyo ya kweli. Amina.