Niko Poa, Daktari

Daktari aliuliza, "Kijana, uko aje?" Ndugu yangu mdogo akajibu, "Niko poa, daktari." Mathe akafumba macho. Nikajua hapo hapo kwamba safari yetu imeisha.

Tulikuwa tumetoka Kiandutu kabla ya alfajiri ili tupate nafasi ya mbele kwenye foleni ya kupimwa ulemavu. Bila ripoti ya daktari, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu halikusajili, na mathe alitaka kadi hiyo kwanza kabla ya kuulizia pesa za Inua Jamii. Ndugu yangu ana kifafa. Ukimpata siku ya kawaida atakubishia mambo ya mpira mpaka uchoke. Mwaka jana alianguka kwenye jiko la makaa, mkono wa kushoto ukaungua hadi kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo mathe hamwachi peke yake. Kazi ya kufua nguo Makongeni anaenda tu nikiwa nyumbani.

Kwenye fomu daktari aliandika kwamba anatembea, anaongea, anajilisha. Yote ni kweli. Hakuna hata neno moja ningeweza kupinga.

Kwa hivyo nimekuwa nikijiuliza ni ukweli gani hasa tulitakiwa kupeleka pale. Kiswahili chenyewe kimetuzoesha kujibu alivyojibu. Ukiulizwa "hujambo" unasema "sijambo", yaani huna jambo, hata kama una mambo kumi. Mgonjwa aliyelazwa ukimsalimia atasema "nzuri", atanyamaza kidogo, halafu "lakini". Habari yenyewe huanzia kwenye "lakini". Daktari alikuwa na watu wengi nje wakimngoja, akaandika kabla "lakini" haijafika.

Pesa za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa zilianza kutolewa 2011. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi, chini ya bob 70 kwa siku, na zimekusudiwa mtu anayehitaji mlezi wakati wote. Hapo kwa "wakati wote" ndipo mimi hukwama. Kifafa cha ndugu yangu huchukua kama dakika mbili, labda mara mbili kwa mwezi. Ila hakuna anayejua dakika hizo ni zipi, kwa hivyo mathe analinda zote. Soja wa geti hulipwa hata usiku ambao mwizi hakuja. Hakuna mtu humuuliza mwisho wa mwezi, boss, mbona hatukuibiwa?

Jioni hiyo jirani mmoja alituletea ushauri, kwa nia njema kabisa: siku tatu kabla ya kurudi hospitali, asimeze dawa. Aanguke mbele ya daktari, wajionee. Nilimwangalia mathe nikitarajia afoke. Hakufoka. Alikuwa anafikiria.

Nilikasirika sana. Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua. Mathe anajua hilo kuliko mimi. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Kwani akianguka, itakuwa ni uongo?"

Sikuwa na jibu. Uongo ningeuelewa. Kuna watu hujifanya, na kila anayejifanya anamnyima mwingine, maana pesa zenyewe hazitoshi wote. Daktari ana haki ya kushuku. Lakini hapa hakungekuwa na maigizo. Ugonjwa ni wake, kuanguka ni kwake. Tungekuwa tumeuita tu uje siku ya miadi, kama shahidi. Heri mathe angewaza kudanganya. Aliwaza kumuumiza yule yule anayemlinda, ili aaminiwe kwamba anamlinda.

Uingereza wana malipo ya ulemavu yanayoitwa PIP, yaliyoanza 2013. Kanuni zake huuliza mtu yuko vipi kwa zaidi ya nusu ya siku zake, si siku ya kupimwa peke yake. Hata hesabu hiyo ingemwangusha ndugu yangu, na huko pia ilileta kesi. Mwaka 2017 majaji wa rufaa wa masuala hayo waliamua kesi zilizohusu watu wenye kifafa: usihesabu tu mara anazoanguka, tazama pia ukubwa wa madhara akianguka bila mtu karibu. Niliposoma hivyo niliwaza jiko letu.

Dawa hakuacha. Mathe alinunua daftari, na sasa tunaandika: tarehe, saa, alikuwa wapi, nani alimshika. Siku ambazo hakuna kilichotokea pia anaziandika, ingawa nilimwambia daktari hatasoma yote hayo.

Miadi ni Jumanne. Jana usiku ndugu yangu aliniuliza, daktari akimsalimia ajibu nini. Nilimwambia aseme nzuri tu, kama mtu yeyote. Halafu asinyamaze.