Mapenzi ya Nchi na Furaha ya Kisasi

Ndugu Muislamu, mwezi wa Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wauaji waliwatenga Waislamu, wakawalenga Wakristo. Siku chache baadaye ndege za Kenya zikapiga kambi za Al-Shabaab huko Gedo, Somalia. Kijana mmoja akanijia: "Maalim, nilifurahi, kisha nikaona haya. Je, ni dhambi?"

Kuipenda nchi si dhambi, na kuwalilia jirani waliodhulumiwa ni katika utu. Lakini Sura ya al-Maida yatuamrisha uadilifu hata kwa tuwachukiao. Naye alifurahi kabla hajajua ni nani waliokuwa chini ya mabomu.

"Basi wauaji wasipigwe?"

Nikamwambia: wapigwe wao, si jirani zao. Ama ile haya yake, sikumwombea imtoke.