Je, Ni Haki Kushangilia Kilichorudi?



Tumezoea kufanya sikukuu kwa ajili ya kitu kilichoongezeka: mtoto amezaliwa, mavuno yameingia ghalani, kanisa limeezekwa. Lakini iko sikukuu ya namna nyingine, nayo ni ya kitu kilichokuwa kimetoweka, kisha kikarudi. Huko Ulaya na Marekani watu wa mahali pengi humfanyia sherehe samaki aitwaye samoni. Samaki huyu huzaliwa mtoni, huenda baharini akakue, kisha huupanda tena mto ule alikozaliwa ili atage mayai. Mto ukizibwa au ukichafuliwa, haji tena. Katika mto Thames, unaopita katikati ya London, samoni walitoweka tangu mwaka 1833 hivi kwa sababu ya uchafu wa mji. Mwaka 1974, baada ya maji kusafishwa, alionekana mmoja, na habari zake zikawafurahisha watu wengi.

Sisi wa Ibadakuli hatuna samoni, na mito yetu mingi ni ya msimu. Katika Ziwa Viktoria yuko ningu, ambaye naye hupanda mito wakati wa mvua ili atage. Lakini nyavu zilizotegwa kwenye milango ya mito zilimpunguza mno, na sherehe ya kurudi kwake bado haijafika. Kwetu kitu kilichorudi ni kingine. Ni miti na majani, yaani ngitili.

Basi tunauliza swali ambalo limekuwa likisemwa miongoni mwetu kila Sikukuu ya Mavuno inapokaribia. Je, ni haki kumshukuru Mungu kwa shangwe kwa ajili ya miti iliyorudi, iwapo ni mikono ya wanadamu iliyoifukuza? Wengine husema huo ni unafiki, sawa na mtu aliyechoma nyumba ya jirani, kisha akaalika watu waje kucheza ngoma siku ilipojengwa upya. Neno hili ni zito, wala halifai kupuuzwa.

Kwanza yatupasa kukumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilikuwa na kituo chake cha utafiti wa mbung'o huko Old Shinyanga, si mbali nasi. Mkuu wake, Bwana Swynnerton, aliwaongoza maelfu ya watu kufyeka pori ili mbung'o wakose makao. Watu na ng'ombe walipata nafuu, lakini miti iliondoka. Baadaye pamba ilidai mashamba mapya, na mifugo ikazidi kuongezeka. Halafu, katikati ya miaka ya 1970, watu walihamishiwa katika vijiji, na wengi wakaziacha nyuma ngitili zao. Ikafika siku ambapo mama alipikia samadi kavu na mabua ya pamba, na shamba likakosa mbolea kwa kuwa imechomwa jikoni. Mwalimu Nyerere alipotembelea mkoa huu mwaka 1984 alisikitishwa sana na hali aliyoiona.

Ukiyatazama hayo yote utaona kwamba ni vigumu kumtaja mkosaji mmoja. Aliyefyeka pori alitaka kuokoa watu na ugonjwa wa malale. Aliyelima pamba alitaka karo ya mtoto. Kila mmoja alikuwa na sababu yake njema, na nchi ikabaki tupu.

Hapa unatusaidia mfano ulio katika Injili ya Luka, sura ya 15. Katika sura hiyo vimo vitu vitatu vilivyopotea. Kondoo alipotea mwenyewe kwa kutangatanga. Mwana alipotea kwa ukaidi wake. Lakini ile shilingi ya yule mwanamke haikuwa na miguu, wala haikuwa na ukaidi. Ilipotea nyumbani mwake, mikononi mwake mwenyewe. Hata hivyo alipoipata aliwaita rafiki na jirani wafurahi pamoja naye, wala Bwana hakumlaumu kwa furaha ile. Basi aliyepoteza anayo ruhusa ya kushangilia. Lakini tuangalie alichokifanya kabla ya kuwaita majirani: aliwasha taa, akafagia nyumba, akatafuta kwa bidii. Sherehe yake ilikuja baada ya ufagio.

Je, mkoani kwetu ufagio ulishikwa? Tunaweza kujibu kwamba ndiyo. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi waliuita HASHI. Mwanzoni wataalamu waliotesha miche kwenye vitalu, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Baadaye waligeukia desturi ambayo wazee wa Kisukuma walikuwa nayo tangu zamani: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, nayo hufunguliwa kiangazi kikiwa kikali, ili ndama na ng'ombe wa kulimia wapate kula. Ardhi ilipoachwa ipumzike, visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai chini ya udongo. Dagashida, yaani baraza la jadi, lilitunga sheria na faini, na sungusungu wakalinda. Mradi ulipoanza, ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 tu hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa wa zamani, kabla haujagawanywa mwaka 2012, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Ndege waliokuwa wamesahaulika walirudi, dawa za miti shamba zikapatikana, na akina mama wengi wakapunguziwa safari ya kutafuta kuni.

Kwa hiyo wale wanaosema kwamba shukrani ni unafiki tunawajibu kwa upole: ingekuwa unafiki kama nyumba isingefagiwa. Lakini wapo watu waliokubali kutolisha ng'ombe wao mahali penye majani mabichi, huku ng'ombe hao wakiwa na njaa, kwa ajili ya miaka ijayo. Kuikataa furaha yao ni kuidharau kazi yao.

Hata hivyo swali halijaisha. Yule mwanamke aliita jirani wote. Je, ngitili imewafurahisha jirani wote? Mwenye ardhi kubwa hutenga sehemu kubwa, akauza majani, nguzo na kuni. Mjane mwenye nusu eka hana pa kutenga. Wakati nchi ilipokuwa tupu, angalau aliokota kuni popote. Sasa hukuta mpaka, na akivuka mpaka hutozwa faini. Tena pori linaporudi, fisi naye hurudi. Mwenye mbuzi mia akiliwa mmoja hununa kidogo tu, bali mwenye mbuzi wawili akiliwa mmoja amepoteza nusu ya mali yake. Tukimwambia mtu kama huyo aje kanisani apige vigelegele kwa ajili ya pori, atatuona kama watu wasiomjua. Katika sura ile ile ya Luka yuko kaka mkubwa aliyesimama nje akikataa kuingia karamuni, na baba yake hakumpuuza, alitoka nje kuzungumza naye. Yatupasa nasi kutoka nje. Ngitili za kijiji na za shule, ambazo faida yake hutumika kwa madarasa na mahitaji ya wote, ni njia mojawapo ya kumwingiza karamuni asiye na ardhi. Kumruhusu mjane aokote kuni kavu katika ngitili ya mtu binafsi, kama Ruthu alivyookota masuke shambani mwa Boazi, ni njia nyingine.

Liko na jambo la mwisho. Kilichorudi kinaweza kuondoka tena. Samoni wa Thames waliongezwa kwa kupandikizwa, na mwaka 1993 walihesabiwa zaidi ya 300. Lakini baada ya hapo walipungua tena hadi karibu kutoweka, na mwaka 2011 wataalamu walieleza kwamba waliokuwa wakionekana walikuwa wageni kutoka mito mingine, si wazao wa wale waliopandikizwa. Sherehe ilikuwa imetangulia kuliko kazi. Kwetu hatari iko karibu zaidi. Mji unataka mkaa, tanuri za matofali zinataka magogo, na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita na Kahama yanahitaji matimba ya kuzuia udongo usiwaangukie. Mahitaji hayo ni ya kweli, wala hatuwezi kumlaumu mchimbaji kwa kutaka kutoka shimoni akiwa hai. Lakini mti uliochukua miaka 20 kukua huangushwa kwa asubuhi moja, na bei ya leo huwa tamu kuliko kivuli cha kesho.

Basi, wapendwa, tunaona kwamba yatupasa kushangilia, tena kwa moyo wote. Asiyeshangilia kilichorudi hatajua thamani yake siku kitakapoondoka. Ila furaha hiyo iwe ya mtu aliye na ufagio mkononi. Katika Sikukuu ya Mavuno ijayo, pamoja na mahindi, mtama na viazi, yafaa kuleta mbele ya madhabahu tita la majani ya ngitili. Yafaa sala ya toba itangulie wimbo wa shukrani. Na yafaa kila mwenye ngitili, kabla ya kuja siku ile, awe amemtembelea jirani yake asiye na ngitili na kumwuliza: Mama, au Mzee, mwaka huu kuni zako unazipata wapi?

Jibu atakalopewa litamwonyesha kama sherehe yake iko tayari.