Kupima Kazi na Kumpima Mtu

Katika parokia zetu hakuna mgeni anayengojewa kwa wasiwasi kama mkaguzi wa shule, yule tuliyezoea kumwita inspekta. Askofu akija tunapiga ngoma. Inspekta akija, mwalimu anafuta ubao mara mbili, na direkta anatafuta daftari la mahudhurio ambalo jana lilikuwa hapo hapo mezani. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni huyu anaponya kweli? Mtu aweza kuhukumu kwa haki kazi ya mwaka mzima aliyoiona siku mbili tu?

Swali hilo tutalichungua kwa mfano wa Uingereza, maana nchi ile imekagua shule zake muda mrefu, tena kwa ukali, na mambo yake yameandikwa, hata yale yasiyoipendeza.

Mwaka 1833 serikali ya kule ilianza kutoa feza kwa ajili ya shule za makanisa. Baada ya miaka sita, yaani mwaka 1839, ikaweka wakaguzi wawili wa kwanza, kwa sababu mwenye kutoa feza hutaka kujua zimefanya nini. Hapo hapana ubaya. Sisi wa Kongo tunaijua njia hiyo: hata katika mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, makanisa yanaongoza shule zao, lakini programu na ukaguzi ni mambo ya Serikali.

Ubaya uliingia mwaka 1862. Mwaka ule ilitolewa sheria ya kulipa shule kwa kadiri ya matokeo. Feza kidogo zilitolewa kwa mahudhurio. Nyingi zaidi zilitegemea mtihani wa inspekta. Mtoto aliyeshinda kusoma, kuandika na hesabu aliiletea shule yake shilingi 8. Akishindwa somo moja, zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Basi fikirini, wasomaji: mtoto mwenye kigugumizi anasimama mbele ya mgeni, na mwalimu wake pembeni anahesabu peni! Walimu wakafanya yale ambayo mtu yeyote mwenye njaa angefanya. Waliwakaririsha watoto kitabu cha kusomea tangu mwanzo hata mwisho, na inspekta alipofungua ukurasa wowote, mtoto alisema maneno bila kuyasoma. Historia na jiografia zikakaa nyuma, maana hazikuwa na bei. Mmoja wa wakaguzi wa siku zile alikuwa mshairi mashuhuri, Matthew Arnold, aliyefanya kazi hiyo miaka 35, tangu 1851 hata 1886. Yeye mwenyewe aliipinga sheria ile waziwazi, akiona kwamba inageuza mafundisho kuwa mashine. Hata hivyo sheria iliendelea karibu miaka 30.

Tukumbuke jambo hilo tunapoyatazama ya karibu zaidi. Mwaka 1992 Uingereza iliunda ofisi mpya ya ukaguzi iitwayo Ofsted. Kanuni zake zimebadilika mara nyingi. Zile za mwaka 2012 ndizo zinazofaa kwa swali letu, kwa kuwa zilimwagiza mkaguzi ahukumu mambo manne: mafanikio ya wanafunzi, ubora wa mafundisho, mwenendo wa wanafunzi pamoja na usalama wao, na uongozi. Halafu yote yalikusanywa katika hukumu moja juu ya shule nzima. Shule iliitwa bora kabisa, au nzuri, au yenye kuhitaji kuendelezwa, au isiyotosha. Neno moja tu. Shule zilizopata neno la kwanza ziliandika vitambaa vikubwa na kuvitundika langoni, kama duka linalotangaza sabuni.

Lakini mambo yale manne si ya namna moja. Mafanikio yana namba, na kwa hiyo watu hudhani hayo ndiyo ya hakika kuliko mengine. Tunasema hapana. Mtoto wa daktari aliyefika shuleni akijua kusoma, na mtoto wa mkimbizi aliyefika bila kujua Kiingereza, wakipata pointi sawasawa, walimu wao hawakufanya kazi sawasawa. Waingereza wenyewe waliliona hilo, wakajaribu kupima safari ya mtoto tangu alipoanzia, wala si mahali alipofika tu. Hata hivyo shule za mitaa maskini ziliendelea kupata maneno mazuri mara chache kuliko shule za mitaa ya wenye mali. Tena namba ina majaribu yake. Zilionekana shule zilizowaondoa katika daftari watoto dhaifu kabla ya mitihani, ili hesabu ipendeze, na kanuni za mwaka 2019 zikawaagiza wakaguzi kuitafuta hila hiyo. Hii ni shilingi ya mwaka 1862 iliyorudi na nguo nyingine.

Mafundisho nayo huonekana kwa macho, lakini kwa sehemu. Zamani mkaguzi wa Ofsted aliketi nyuma ya darasa kwa kitambo, kisha akalipa somo lile daraja lake. Mwalimu mwerevu aliweka akiba somo moja zuri kwa siku ya mgeni, na watoto wakashangaa kuona picha na michezo ambayo hawakuiona mwaka mzima. Mwaka 2014 desturi ya kutoa daraja kwa kila somo iliachwa, nasi twaona walifanya vema.

Mwenendo wa wanafunzi ni mgumu zaidi, kwa sababu kuwapo kwa mkaguzi kunabadilisha kile anachokuja kukitazama. Ndiyo maana mkaguzi mwenye akili haridhiki na darasa. Anatembea uani wakati wa chakula, anawauliza wadogo kama kuna mahali wanapoogopa kupita, anasoma majibu ya wazazi. Na uongozi? Huo hauonekani kabisa. Unafahamika kwa alama zake tu, kama upepo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikubwa cha Summa Theologiae, anafundisha kwamba hukumu ya haki inataka mambo matatu: itoke katika moyo wa kupenda haki, itolewe na mwenye mamlaka, na iongozwe na busara. Likikosekana la tatu, mtu anahukumu kwa kudhania mambo asiyoyajua kwa hakika. Wakaguzi wa Uingereza walikuwa na mamlaka, wala hatuna sababu ya kudhani kwamba hawakupenda haki. Tunauliza juu ya busara. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: ukaguzi wa kawaida kule huchukua siku mbili, na mkaguzi anaondoka kabla ya siku ya jembe.

Lakini Tomaso ana neno jingine linalotufaa zaidi. Anatofautisha kuhukumu vitu na kuhukumu watu. Kitu yafaa kihukumiwe kama kilivyo, bila kukiongezea sukari wala chumvi, kwa maana kitu hakidhuriki kwa hukumu yetu. Mtu anadhurika. Kwa hiyo penye shaka juu ya mtu, tuelekee upande wa wema, hata kama mara nyingine tutadanganyika.

Hapo ndipo tunaposhika fundo la jambo. Mkaguzi amepewa vitu viwili apime kwa mizani mbili. Kazi, yaani somo, daftari, ulinzi wa watoto, yataka mizani kali. Mwalimu yataka mizani ya pili. Neno moja lililotangazwa juu ya shule nzima lilizichanganya mizani hizo, kwa sababu watu hawakulisoma kama neno juu ya kazi. Walilisoma juu ya mwenye shule.

Mwezi wa Novemba 2022 wakaguzi walifika katika shule ya msingi ya Caversham, mjini Reading. Walihukumu kwamba elimu ni nzuri, mwenendo wa watoto ni mzuri, na malezi yao ni mazuri. Lakini waliona upungufu katika taratibu za ulinzi wa watoto, hivyo wakasema uongozi hautoshi, na kwa kanuni zao shule nzima ikaitwa isiyotosha. Shule ile kabla yake ilikuwa na neno la juu kabisa. Mwalimu mkuu, Bibi Ruth Perry, alielezwa hukumu hiyo, akatakiwa kuitunza kama siri mpaka taarifa itangazwe. Mwezi wa Januari 2023 alijitoa uhai. Hakimu aliyechunguza kifo hicho alisema mwezi wa Desemba 2023 kwamba ukaguzi ule ulichangia. Shule ilipokaguliwa tena katikati ya mwaka 2023, iliitwa nzuri. Tumwombee marehemu na jamaa yake.

Wengine watasema: basi, wakaguzi waondoke. Hatukubali. Kuna mtu ambaye katika habari hii hajasema neno, naye ni mtoto. Mtoto wa darasa la tatu ana mwaka mmoja tu wa darasa la tatu. Ikiwa mwalimu wake hafiki, au anafika na kulala, au ikiwa mtu mzima anamtendea vibaya na shule haina njia ya kujua, mkaguzi anayefumba macho kwa huruma anamhurumia mkubwa kwa feza za mdogo. Upungufu katika ulinzi wa watoto si jambo la kufunika. Uingereza ilipata somo upande huu pia. Tangu mwaka 2012 hata 2020 shule zilizoitwa bora kabisa zilisamehewa ukaguzi wa kawaida, na nyingine zilikaa zaidi ya miaka kumi bila kutazamwa. Wakaguzi waliporudi, katika mwaka wa masomo wa 2021 hata 2022, zaidi ya nne katika kila tano za shule hizo walizozikagua zilipoteza neno lao. Vitambaa vya langoni vilikuwa vikidanganya wazazi, tena bila mtu kukusudia.

Mwezi wa Septemba 2024 serikali iliondoa neno moja juu ya shule nzima. Tangu Novemba 2025 mzazi anapewa kadi yenye mambo mbalimbali, kila moja na daraja lake kati ya madaraja matano, na ulinzi wa watoto unaandikwa peke yake: umetimizwa au haukutimizwa. Walimu wengi kule hawajaridhika. Wanasema neno moja limezaa maneno mengi tu. Sisi twaona kutenganisha ulinzi wa watoto na mambo mengine ni hatua ya haki, kwani sasa kosa la taratibu laweza kutajwa kwa ukali wote bila kuyafuta mafundisho mazuri ya miaka. Kuhusu madaraja matano tuna shaka. Mzazi mwenye haraka atatafuta rangi mbaya kuliko zote, na hiyo ndiyo atakayoipeleka sokoni.

Kuna desturi moja ya kule ambayo watu huizungumza kidogo. Wengi wa wakaguzi ni wakuu wa shule wenyewe, walioacha shule zao kwa siku chache kwenda kukagua za wengine. Juma hili mtu anaketi nyuma ya darasa la mwenzake na kalamu mkononi. Juma lijalo yuko ofisini mwake, na simu yaweza kulia.